Boya la Tatu

Kazi yangu ni kushona maturubai. Cherehani yangu kubwa iko barazani kwangu, Kanyenye, hapa Tabora mjini, na madereva wa malori ya tumbaku na mpunga wananifahamu. Sikuwahi kushika tanga la mashua mpaka mwalimu mmoja wa kuendesha mashua, kijana aliyejifunza kazi hiyo Mwanza, aliponiletea kitambaa cheupe kilichopasuka katikati na kuniuliza kama kinashoneka. Alikuwa ameanzisha kikundi cha vijana kwenye bwawa nje ya mji, na alikuwa na mashua nne kuukuu za watu wawiliwawili alizopewa na wageni. Nilimwambia kila kinachochanika kinashoneka. Nilimshonea, na tangu siku hiyo nikawa fundi wao.

Mtoto wa kike wa dada yangu aliingia kikundini kwa sababu yangu. Alikuwa amefeli kidato cha nne, na mwaka mzima alikaa ndani kwa mama yake bila kusema na mtu. Ukimtuma dukani alirudi na kitu kingine, na ukimuuliza alikutazama tu. Nikamwomba anisindikize bwawani kupeleka matanga. Mwalimu alimkalisha kwenye mashua siku hiyohiyo. Jioni, akiwa amelowa mpaka kichwani, alinieleza habari za upepo kwa saa nzima, na dada yangu alikuwa mlangoni anasikiliza huku machozi yanamtoka. Siku hiyo sijaisahau, na nadhani ndiyo iliyoniponza.

Mwenzake kwenye mashua alikuwa binti kutoka Puge aliyekuja mjini kusoma, anakaa kwa shangazi yake. Mtoto wa dada alishika usukani na yule wa Puge alishika tanga la mbele. Hawakufanana hata kidogo. Wa kwetu alikuwa wa haraka na mwenye hasira za karibu. Binti wa Puge alikuwa mtu wa maneno machache, na mwenzake akimkaripia kwa kuchelewa kuvuta kamba, alivuta tu na kunyamaza. Mimi aliniita mama. Mtoto wa dada aliniita mama mdogo, kama inavyostahili.

Ikaja habari kwamba kutakuwa na mashindano ya vijana wa nchi za jirani kule Kigoma, ziwani. Wazazi wa wasichana hawakutaka watoto wao wasafiri na mwalimu mwanamume peke yake. Baba wa binti wa Puge alipiga simu akaomba aende mwanamke mtu mzima, na mwalimu akanifuata mimi. Nilifunga kazi kwa wiki moja. Mashua zilitangulia kwa lori, sisi tukapanda treni.

Vijana hawakulala kwa kelele. Walikuwa wamezoea bwawa ambalo ukisimama upande huu unamwona ng'ombe anayekunywa upande wa pili. Asubuhi treni iliposhuka kuelekea ziwani na maji yakaonekana hayana mwisho, wote walikimbilia madirishani. Binti wa Puge aliniuliza kama kina chake kimepimwa. Nilimwambia sijui, na kwamba mashua haihitaji kujua.

Siku mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Upepo wa kusini ulivuma kuliko walivyozoea, na mashua zetu zilipinduka mara nyingi. Mimi nilikaa na sindano na uzi kwenye boti ya injini pamoja na mwalimu, nikiziba matanga palepale majini. Lakini mashua ya wasichana wetu wawili ilikuwa inakwenda. Siku ya tatu, kabla ya mbio za mwisho, walikuwa nafasi ya nne. Watatu wa kwanza wangepewa medali na kualikwa kwenye kambi ya mazoezi nje ya nchi. Mtoto wa dada hakula asubuhi ile. Aliniambia kwamba akirudi Tabora mikono mitupu hatatoka tena ndani. Alilisema bila kilio, na ndiyo maana lilinitisha.

Katika mbio hizo kila mashua inazunguka maboya yaliyowekwa majini. Ukiligusa boya, sheria inakutaka uzungushe mashua yako duara moja zima kama adhabu, kisha uendelee. Hakuna mwamuzi wa kukusimamia kila mahali. Unajihukumu mwenyewe. Mwalimu aliwafundisha hivyo tangu bwawani, na nilipenda sana kumsikia akisema.

Kwenye boya la tatu boti yetu ilikuwa karibu. Nyuma yetu mashua nyingine ya Tabora ilikuwa imepinduka, na mwalimu alikuwa amegeuka kuwaangalia vijana wake majini. Mimi nilikuwa natazama mbele. Wasichana wetu walifika bega kwa bega na mashua ya wasichana wawili wa nchi jirani. Wakaminyana. Niliona ubavu wa mashua yetu ukilikandamiza boya, likazama nusu, likaibuka nyuma yao linazunguka. Niliona binti wa Puge akigeuka na kuchora duara hewani kwa mkono. Niliona mtoto wa dada akitikisa kichwa na kuvuta kamba.

Wakamaliza wa tatu katika mashindano yote.

Vijana wetu walikuwa wanaimba ufukweni mwalimu alipokuja kuniita pembeni. Wale wasichana wa nchi jirani, walioangukia nafasi ya nne, walikuwa wamepeleka malalamiko. Kutakuwa na kikao jioni ile, na kila upande ulete shahidi. Waamuzi walijua boti yetu ndiyo iliyokuwa karibu.

"Mimi nilikuwa nimegeuka," mwalimu alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unaangalia upande ule. Sikuulizi uliona nini, mama. Nakwambia tu kwamba watakuuliza."

Ukweli ni kwamba hakunishawishi. Ningependa kumlaumu, lakini hakunishawishi.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mikutano cha hoteli, chenye feni iliyokuwa inagongagonga. Waamuzi walikuwa watatu. Aliyekaa katikati alikuwa mama mzee wa kigeni mwenye ngozi iliyoungua kwa jua, na kando yake kijana wa kumtafsiria. Kila mashua ilisemewa na mshika usukani wake. Binti wa nchi jirani alieleza alivyoona boya likizama. Mtoto wa dada akasema hawakuligusa, kwamba ni wimbi. Hakunitazama. Binti wa Puge alikuwa kwenye benchi nje, na mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto.

Yule mama mzee aliniuliza nilikuwa umbali gani. Nikasema kama kutoka hapa hadi barabarani. Akauliza kama nilikuwa naangalia mashua zikizunguka. Nikasema ndiyo. Akauliza kama niliona mashua yetu ikigusa boya.

"Sikuona," nikasema.

Nilishukuru kwamba hakuna aliyeniapisha. Hilo ndilo lililonipitia kichwani, kwamba sijataja jina la Mungu, kana kwamba uongo usio na kiapo ni mwepesi zaidi. Kijana alitafsiri. Yule mama alinitazama kidogo, akaandika, akanishukuru kwa Kiswahili. Malalamiko yakatupwa.

Nje, vijana walitubeba juujuu. Binti wa Puge hakuja. Nilimkuta kwenye nyumba ya wageni tulikolala, amekaa ukumbini na kikombe cha chai mbele yake.

"Mama, wewe uliona?" akaniuliza.

"Maliza chai yako ukalale," nilimwambia.

Asubuhi, kabla ya kugawa medali, alivaa sare yake, akachana nywele, akatoka peke yake. Nilimwona anavuka uwanja kuelekea meza ya waamuzi na nikajua anakokwenda. Ningeweza kumwita. Ningeweza pia kutembea naye. Nilibaki nimeshika kikapu cha nyuzi mpaka nilipomwona yule mama mzee anainama kumsikiliza, mkono wake begani kwa binti.

Walimwita mtoto wa dada, akakiri. Mashua yetu ikaondolewa kwenye mbio zile, wakarudi nafasi ya sita. Nilijikokota mpaka pale mezani nikamwambia mtafsiri kwamba nami nina la kusema. Alimwinamia yule mama, wakasemezana, kisha akanigeukia kwa adabu.

"Anasema hana swali kwako," akaniambia.

Nilirudi nilikotoka. Kama angenitukana ningejua la kujibu.

Ndani ya treni wasichana wawili walikaa mabehewa tofauti. Vijana wengine walimkalia mbali binti wa Puge, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wengine wana roho ya kwa nini. Nilihama nikakaa naye. Nilinunua karanga na mayai tulipofika vituoni, akala. Tulizungumza habari za mvua na mtihani wake. Lile neno, kwamba niliona, lilikuwa mdomoni safari nzima, na tulishuka Tabora nikiwa nalo.

Mjini habari ilikuwa imetangulia, na ilikuwa imepinda. Barazani kwangu watu walisema yule binti wa shamba aliwauza wenzake kwa wivu, kwa kuwa si yeye aliyeshika usukani. Mteja mmoja, mama wa makamo ninayemheshimu, alinipa pole kwa jinsi mtoto wetu alivyodhulumiwa. Nikamjibu "tumeshapoa" na kuendelea kushona. Hapo hapakuwa na waamuzi wala medali. Nilinyamaza bila sababu yoyote ila kwamba nilikwisha kunyamaza. Baada ya wiki chache mwalimu aliniambia binti wa Puge amemaliza mtihani, amerudi kwao, na hajaaga.

Ndipo nilipokwenda kwa dada yangu na kumweleza yote, mwanawe akiwepo. Nilijitetea kidogo. Nilisema niliogopa, nilikumbuka ule mwaka wa kukaa ndani, nilifanya kwa ajili yake.

Mtoto wa dada alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama mdogo, mimi sikukuomba useme uongo," alisema. "Mimi nilisema uongo wangu. Nilipokusikia umesema hukuona, ndipo nikajua siwezi tena kurudi nyuma. Ungesema kweli, ingekuwa imeisha."

Dada yangu alimwambia anikome, mimi si rika lake. Lakini hakuwa amenikosea. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha fundi mahali mshono ulipopotoka. Na hakurudi kukaa ndani, nilivyohofia. Kesho yake alikwenda bwawani kama kawaida.

Juma lililofuata nilipanda basi la Nzega nikashuka Puge. Niliuliza njia mara mbili. Nilimkuta binti na mama yake wakianika mpunga uani juu ya turubai kuukuu lililochakaa pembe zote. Mama yake alinisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, kisha akahamia Kiswahili alipoona nababaika. Binti alipiga goti, shikamoo, nikaitikia marahaba nikiona aibu kuipokea.

Mama yake alipoingia jikoni nilimwambia nilichokuja kusema. Kwamba niliona boya likizama, niliona mkono wake ukichora duara, na nilipoulizwa nikakana. Kwamba nilimwacha asimame peke yake mbele za watu wazima, na tena nikawaacha watu wamseme mjini wakati neno langu moja lingewanyamazisha.

Aliendelea kutandaza mpunga kwa kiganja.

"Nilijua uliona," alisema. "Nilikuwa nakutazama wewe. Nilipochora duara nilitaka wewe ndiye upige kelele, maana mimi mwenzangu hanisikii."

Hilo sikuwa nalijua. Wiki zote zile nilidhani kosa langu lilianza kwenye chumba chenye feni. Nilimwambia nimekwisha kuwaeleza dada yangu na mwalimu, na kwamba kila atakayelitaja barazani kwangu nitamweleza. Akasema ahsante. Nikamuuliza kama atarudi bwawani. Akasema baba yake amemwachia aamue mwenyewe, na bado hajaamua. Kisha akauliza kama lile tanga lao la mbele limeshapata kiraka kipya kwenye kona, kwa sababu lilianza kuachia tangu siku ya pili ya mashindano.

Mama yake alinifungia mchele kilo kadhaa, sikuweza kukataa. Nilipewa uji, nikanywa, nikaulizwa habari za mjini kama mgeni yeyote. Hakuna aliyenifukuza wala kunilaumu, na nilirudi nyumbani nikiwa mzito kuliko nilivyokwenda.

Nimetimiza nililoahidi. Yule mama wa makamo nilimwita barazani nikamwambia ilivyokuwa. Alishika mdomo, akachukua turubai lake, na tangu hapo anapeleka kazi kwa fundi mwingine. Wengine wananiambia yamepita, mambo ya watoto, kwa nini nayafukua. Matanga bado yanaletwa kwangu, lakini kwenye boti ya injini siendi tena. Mwalimu hajaniomba, nami sijauliza.

Binti wa Puge hajarudi. Mtoto wa dada sasa anapanda mashua na msichana mwingine, na hawaelewani vizuri. Jumamosi iliyopita aliondoka alfajiri bila kusema anakwenda wapi. Jioni dada yangu aliona tope jekundu viatuni mwake na tiketi ya basi la Nzega mfukoni. Alimuuliza, naye akasema tu kwamba yeye na binti wa Puge walipika pamoja na mvua ikawanyeshea. Dada yangu alinipigia simu kuniuliza kama mimi najua walizungumza nini. Nilimwambia sijui, na safari hii nilikuwa nasema kweli.