Bibi wa Filibe Katika Tanuri la Mjomba

Nitakueleza kitu ambacho, kama ungenieleza wewe, ningekudai ushahidi. Ningekuuliza ulilala saa ngapi, ulikula nini, na nani mwingine aliona. Basi nikujibu kabla hujauliza. Nililala vizuri, nilikula maandazi mawili na chai, na ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka juu ya Bladensburg kama halina kazi nyingine. Sikuota. Na mashahidi wapo, mmoja wao ni wa serikali.

Ilikuwa Aprili mwaka 1998. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya historia, naishi kwa mjomba wangu Salehe kwenye ghorofa moja kule Silver Spring, Marekani. Nilikuwa mtu wa kubisha. Mke wa mjomba, Bi Zuhura, alikuwa akisema mimi hata nikiambiwa chai ni ya moto, natia kidole kwanza. Ni kweli. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na ndivyo nilivyo.

Mjomba aliendesha teksi miaka mingi, mgongo ukaanza kumkataa. Ndoto yake ilikuwa kuoka mkate wa ajemi kama wa kwao Tanga. Akapata bekari ya kupanga Bladensburg, karibu na mto. Mpangaji wa kabla yake alikuwa mzee wa Kibulgaria, kutoka mji unaoitwa Plovdiv, aliyekuwa amehamia kwa bintiye jimbo la mbali. Aliacha tanuri kubwa la matofali, la kuni, na sakafu yake ilikuwa jiwe moja zima la kijivu. Mwenye nyumba alituambia mzee yule alilileta jiwe hilo kwa meli kutoka kwao. Mimi nikacheka. Mtu abebe jiwe kuvuka bahari, Marekani hakuna mawe?

Siku ya kwanza tulipopewa ufunguo, Mama Furaha alisimama mlangoni akagoma. Mama Furaha ni Mkongomani wa Bukavu, mlokole, mshirika wa mjomba kwenye unga.

"Mupige hodi kwanza," akasema. "Hii fasi iko na wenyewe."

"Hodi kwa nani?" nikamuuliza. "Kwa panya?"

Mjomba alikuwa na haraka. Tukaingia na ngazi yetu, tukaling'oa bango la zamani lenye herufi nisizoweza kuzisoma, tukapigilia letu: TANGA BEKARI. Mama Furaha akaingia wa mwisho, ananung'unika.

Niamini, tangu siku hiyo tanuri halikushika moto. Wiki tatu! Kuni zilikuwa kavu. Fundi wa bomba la moshi alikuja, akachungulia, akasema bomba ni safi kuliko la kwake nyumbani. Unawasha, unaona ndimi za moto zinapanda, halafu zinalala kama mtoto aliyeshiba. Na Ijumaa ile ninayokueleza mkaguzi wa kaunti alikuwa anakuja kutoka Upper Marlboro, saa tisa alasiri. Bila moto, hakuna leseni. Mwenye nyumba naye alishasema hangoji tena, kuna dobi anaitaka nafasi ile. Kwa hiyo lilikuwa jambo la wazi: ama moto uwake kabla ya saa tisa, ama mjomba arudi kwenye teksi na mgongo wake ule.

Saa sita na nusu mjomba akavaa kanzu aende swala ya Ijumaa. Mama Furaha alikuwa kwake, si mbali, analinda donge liumuke, maana bekari isiyo na moto ilikuwa baridi kama friji. Mimi nikasema nabaki kuchunguza bomba. Mjomba alinijua.

"Haya, msomi," akasema, "kaa na moshi wako."

Nikawasha kiberiti cha kwanza, kikazima. Cha pili, kikazima. Cha tano kilipozima nikasikia mtu nyuma yangu.

"Kijana, utamaliza viberiti."

Juu ya magunia ya unga alikuwa ameketi bibi mfupi, Mzungu, soksi za sufu, kitambaa cheupe kichwani kimesogea nyuma, nywele zimetoka. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Nikafikiri ni ndugu wa yule mzee, kaja kudai vitu. Kisha nikagundua amenisemesha Kiswahili. Tena si Kiswahili cha kujifunzia darasani. Alisema "kijana" na ule mvuto wa kwetu Tanga, kama jirani ananiita nyuma ya ua.

"Umeingiaje, bibi?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeingia."

"Kiswahili umejifunzia wapi?"

"Hapa hapa. Nimewasikiliza wiki tatu. Kwetu mtu hujifunza lugha ya mshindi kabla hajavua viatu. Ndivyo tulivyobaki hai."

Sasa sikia aibu yangu. Unajua nilimwuliza nini? Nilimwomba kitambulisho.

Akacheka mpaka magunia yakatikisika. "Nilikuwa navyo tisa! Kila aliyekuja alinipa kipya akachoma cha zamani. Unataka cha nani?"

Hapo nikaangalia sakafu. Nilikuwa nimemwaga unga asubuhi, na nyayo zangu zilionekana moja moja, kwenda na kurudi. Kuelekea kwenye magunia hakukuwa na unyayo hata mmoja. Niliogopa, sitakudanganya. Lakini akili nayo ina kiburi chake. Nikajiambia, kama ni jini, nitamhoji.

Nikamhoji. Akanieleza kwamba yeye ni mwokaji wa mji wa vilima saba. Kila mtawala mpya akija, desturi ni kumpokea langoni kwa mkate na chumvi, na mkate huo aliuoka yeye. Watu wa kwanza waliishi juu ya vilima wakiabudu farasi na mpandaji wake. Akaja mfalme wa Makedonia, akautwaa mji, akauita kwa jina lake mwenyewe. "Mkate," bibi akasema, akikunja kidole. Wakaja Warumi, wakauita Milima Mitatu, ingawa hata mtoto angeweza kuhesabu saba. Walijenga uwanja wa mbio na ukumbi wa michezo wa mawe meupe. "Mkate." Wakaja wachomaji wa miji, hao hawakungoja mkate. Akaja Kaisari wa Konstantinopoli, kisha mfalme wa Wabulgaria, kisha Kaisari tena, kisha Wabulgaria tena, kama watoto wanaogombea bembea. Wakapita wapiganaji wa msalaba waliokuwa wakienda Yerusalemu.

"Hao walikuwa na njaa," akasema. "Walikula mpaka chumvi."

"Na Waturuki?"

"Waliuita Filibe. Hilo ndilo jina ninalolipenda, linaumuka vizuri mdomoni. Walijenga misikiti na hamamu za kuogea, wakapanda mpunga bondeni. Kwa ajili ya mchele nimewasamehe nusu."

Nikamtega. "Walikuja karne ya ngapi?"

"Karne ni nini? Mimi nahesabu kwa magunia."

Kisha wakaja Warusi wakawatoa Waturuki, akaja mfalme mwingine, wakaja watu wa bendera nyekundu. Na katikati ya hayo yote kilima kimoja kati ya vile saba kikavunjwa chote kuwa mawe ya barabara. Akapiga kiganja kwenye sakafu ya tanuri. "Hiki ndicho kipande cha mwisho. Nilipanda juu yake, nikasema, basi, nimestaafu. Halafu mkaja nyinyi."

"Bibi, sisi si watawala. Ni wapangaji."

"Mmeng'oa bango?"

"Ndiyo."

"Mmebadilisha jina?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mmeingia bila kukaribishwa? Au watawala kwenu wana pembe?" Akanikazia macho. "Mkate wa kumpokea mshindi siuoki tena. Nimechoka, mwanangu."

Hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nikaacha kubisha nikaomba. Nikamweleza habari za mjomba, mgongo, teksi, dobi. Akasikiliza, anakuna pua kwa kidole chenye unga.

"Tukitoka tukapiga hodi, je?" nikauliza.

"Wote walibisha hodi! Warusi walibisha kwa mizinga. Aliyeuliza akakubali kunyamaziwa, huyo sijamwona."

Nikatoka nje. Mlango nikauacha wazi, nikasimama kando ya barabara kama mjinga. "Hodi!" Kimya. Kijana mmoja Mkenya anayegawa vifurushi mtaa ule akasimama na mzigo wake.

"Buda, mlango si iko wazi? Ingia tu!"

"Nangoja nikaribishwe."

"Na nani? Hakuna mtu huko."

"Najua."

Akanitazama juu mpaka chini. "Sawa, msee. Mimi sijaona kitu." Akaondoka mbio kuliko alivyokuja.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya.

Wewe umelelewa, unajua sheria. Mara tatu. Ukinyamaziwa, unageuka unakwenda zako, hata kama unasikia vyombo jikoni, hata kama mwenyewe umemwona dirishani. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Kodi ya mwezi ilikuwa imelipwa. Saa ilikuwa nane na dakika ishirini. Nini kilinizuia? Nilijiuliza hilo swali kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na majibu hayakufanana. Nikaurudisha mlango taratibu, nikaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara.

Muda si muda gari la mjomba likafika, yeye na kanzu yake, Mama Furaha nyuma amekumbatia beseni la donge.

"Umewasha?" mjomba akauliza.

"Sijawasha. Na hatuwezi kuingia. Nimepiga hodi mara tatu, sijajibiwa."

Mjomba akashuka garini. "Wewe? Wewe uliyesema majini ni upungufu wa elimu?"

"Ni bibi, mjomba. Ametumikia watawala tisa. Amechoka."

"Miye nilisema!" Mama Furaha akapiga kelele, karibu aangushe beseni. "Nilisema, mukanicheka! Bwana asifiwe!"

Nikamweleza mjomba yote, haraka haraka, pale pale juani. Nilitegemea anitukane. Alikuwa na haki, mkaguzi alikuwa njiani. Alilitazama bango lake, lile alilolipaka rangi mwenyewe siku tatu usiku. Akatazama mlango. Akashika kiuno kile kinachomuuma.

"Hajajibu hata moja?"

"Hata moja."

"Basi si kwetu," akasema. Akafungua mlango wa gari. "Mama Furaha, rudisha beseni ndani ya gari. Dobi naye ana watoto."

Akapanda, akawasha injini. Wallahi aliwasha injini! Mimi nikawa nafungua mlango wa nyuma wa gari, ndipo sauti ikatoka bekari.

"Karibuni."

Tulisikia watatu. Mjomba anaapa ilikuwa sauti ya mwanamke wa Tanga mjini. Mama Furaha anasema aliitwa kwa Kimashi, lugha ya mama yake, tena kwa jina la utotoni ambalo hapa Marekani halijui mtu. Tukatazama juu. Moshi mweupe ulikuwa unatoka kwenye bomba, umenyooka.

Ndani, moto ulikuwa unanguruma. Magunia yalikuwa peke yake. Juu ya meza kulikuwa na chumvi kidogo kwenye kisosi, na mjomba, ambaye hakukumbuka habari ya mkate na chumvi, akaitia kwenye donge. Saa tisa mkaguzi alipofika, mikate ya kwanza ilikuwa inatoka. Alikagua sinki, akakagua bomba, akala mkate mzima amesimama, akaandika leseni. Alipokuwa anaondoka akasema kosa ni moja tu. Yule mama mzee wa kule nyuma avae wavu wa nywele. Ameliandika kwenye fomu, na fomu ninayo.

Nilikwenda maktaba ya chuo, bila shaka nilikwenda. Majina yote ya Plovdiv yapo, Filibe likiwemo. Uwanja wa Warumi upo, umelala chini ya barabara kuu. Mpunga wa Waturuki upo, na kilima kilichovunjwa kipo, yaani hakipo. Inawezekana niliyasoma zamani nikasahau? Inawezekana. Inawezekana bomba lilikuwa na unyevu ukakauka siku ile? Inawezekana pia. Lakini mkaguzi hakuwa amesoma chochote.

Bekari ipo mpaka leo, na kila alfajiri mjomba anapiga hodi tatu kabla ya kugusa kitasa. Siku nyingi anakaribishwa. Siku nyingine, mara moja moja kwa mwezi, kimya. Siku hiyo anabandika karatasi mlangoni, LEO HATUOKI, na wateja wanagomba, na yeye anakwenda kulaza mgongo nyumbani. Daktari anasema mapumziko hayo ndiyo yanayomponya.

Sasa nakuonya, kwa sababu nimeona wasomi wenzangu walivyo. Ukipewa ufunguo, usidhani umepewa na mahali. Uliza. Na ukinyamaziwa, ndugu yangu, ondoka kwa heshima, usichungulie dirishani. Mimi nilichungulia mara moja, siku ya kimya, kwa ajili ya utafiti. Dirisha lilikuwa limefungwa, kioo kizima. Nilichoona ni kiganja, kisha unga ukanijia usoni. Nimeosha kwa sabuni, nimeosha kwa ndimu, nimekwenda kwa daktari wa ngozi. Nyusi yangu ya kushoto ni nyeupe mpaka leo. Mama nilipomtumia picha Tanga alinipigia simu saa hiyo hiyo, akauliza, "Mwanangu, ulimchungulia nani?"