Manowari ya Mezani

Mzee wa Mombasa, jirani wa ghorofa ya chini hapa kwenye jengo la Maplewood, ana mikono inayotetemeka mpaka ashike brashi. Hapo inatulia tuli. Mezani kwake ipo manowari ya Waingereza aliyoichonga kwa mbao. Babu yake alikuwa akitia makaa kwenye tanuri za ile ya kweli, na kila mwaka mzee huipaka rangi upya kama ilivyopakwa ile: nyeusi iliposhushwa majini, kijivu ilipokwenda vitani. Leo Générose, jirani wa juu, mwanawe Bonheur mgongoni, kamletea bakuli la sombe, majani ya muhogo, akamkuta kashika bisibisi.

“Baba, unaiharibu?”

“Mizinga ilishindwa kuizamisha, Mama Bonheur. Ilipozeeka, Waingereza wenyewe wakaivunja. Nisipoivunja mimi, nikifa wanangu wataitupa kwenye takataka, na babu yangu yumo humu.”

Bisibisi ikamteleza. Mikono ilikuwa imeanza tena. Générose akaweka bakuli chini, akaishika manowari kwa mikono miwili, ametulia kama yuko kanisani, na mzee akaling'oa dohani la kwanza la moshi polepole, kama mama anavyomvua viatu mtoto aliyesinzia.