Nani Amekufa Hapa?

Harufu ya chapati ikiungua kidogo kwenye mafuta hunirudisha kwenye chumba chetu cha mabati kule Sarang'ombe, jioni moja kabla sijalazwa kufanyiwa upasuaji wa moyo.

Wanawake wa kanisa walijaa ndani, leso kichwani, sauti chini. Mmoja alikuwa amebeba sukari na majani ya chai, kama watu wanavyowapelekea wafiwa. Mama alikaa katikati yao akilia. Mimi nilikuwa kitandani, macho wazi, nikiwasikia wakisema Mungu hutoa na Mungu hutwaa.

Ndipo rafiki yake Mama akaingia kutoka Kawangware, unga wa ngano kwapani. Walijuana kliniki ya moyo. Mwanawe alikuwa ameshapasuliwa.

"Nani amekufa hapa?"

Wote wakamgeukia.

"Nauliza, mwili uko wapi? Si mtoto ndio huyu ananiangalia! Toeni hizo leso. Wewe, washa jiko. Leo tunapika chapo."

"Lakini dada, chapo ni za sherehe," mmoja akanong'ona.

"Si ndiyo maana!"

Akamwekea Mama sufuria ya unga mapajani. "Lia tu, lakini ukikanda."

Mama alikanda kwa ngumi, machozi yakidondokea humo humo. Chapati ya kwanza nilipewa mimi, ikiniunguza vidole. Mama alinitazama nikiimaliza yote. Kisha akainuka, akaichukua ile sukari na kumrudishia mwenyewe.

"Shika," akasema. "Peleka kwa wenye matanga."