Baraza ya Babu

Mvua ikinyesha, harufu ya udongo uliorowa hunirudisha kwenye lile tope baridi nililokuwa nikilikanyaga na ndugu zangu, lenye majani makavu yaliyokuwa yakinichoma nyayo.

Tulikuwa tukiitengeneza nyumba ya wazee wetu hapa Ibra, mji wa Uarabuni, iliyoachwa miaka mingi, ili tuhamie. Kuta zilipokwisha kukandikwa, Babu akataka tope zaidi. Alitaka baraza nje ya mlango, kama ya kwao Unguja.

Jirani alisimama, akauliza kwa Kiarabu, "Ya nini hii? Majlisi si ipo ndani?"

"Ya ndani ni ya wageni," Babu akamjibu. "Hii ya wapita njia."

Hakuna aliyekaa. Watu walimsalimia kwa heshima, wakapita. Huku kwetu mtu hukaribishwa ndani. Kila alasiri Babu alikaa pale na birika la kahawa na vikombe viwili. Mimi ndiye niliyevirudisha jikoni, na kimoja kilikuwa kikavu siku zote.

Siku tuliyomzika, majlisi ilijaa mpaka mlangoni. Yule jirani alitazama huku na huku, kisha akaketi barazani, na wenziwe wakamfuata. Nikammiminia kahawa kwenye kile kikombe cha pili.