Mazoezi ya Msiba wa Mama

Mama yangu alifanyiwa msiba akiwa hai, na alikula sahani mbili. Naanza na hilo ili msomaji asije akajiandaa kulia bure. Mpaka ninapoandika haya yuko kwake kijijini, Iramba, upande wa Sekenke, na jana tu amenipigia simu kunigombeza kuhusu blanketi nililompelekea. Anasema ni jepesi mno, labda nilinunua pazia.

Mimi ni fundi cherehani mjini Singida. Nashona sare za shule, nguo za harusi, na siku hizi, kuliko vyote, sare za msiba. Wazee wetu wanaishi miaka mingi, Mungu ashukuriwe, lakini wakiondoka wanaondoka na zizi zima. Ukoo unataka kitenge cha aina moja, wajukuu wanataka fulana yenye picha ya marehemu, na kuna mpiga video, na jeneza lenye kioo, na mabasi ya kukodi. Nisijifanye mtakatifu hapa. Hela za vitenge hivyo ndizo zilizoezeka nyumba yangu.

Baba alifariki Dar es Salaam, kwa kaka yangu mkubwa, alikokuwa amepelekwa kutibiwa. Kumrudisha nyumbani kulitumaliza. Mama alikuwa na maksai wawili, ng'ombe wa kulimia, ambao yeye na baba waliwafundisha wenyewe. Mmoja aliuzwa kulipia gari la maiti. Wa pili alichinjwa siku iliyofuata mazishi, kwa sababu watu walikuwa wengi na baba mdogo, mdogo wake marehemu, alisema haiwezekani kaka yake aombolezwe kwa kunde. Katika ukoo wetu yeye ndiye mwenye kisu. Kwenye harusi na kwenye msiba anachinja yeye, na akisema mnyama fulani aanguke, hakuna wa kumpinga.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nahangaika na vitenge thelathini nilivyoshona usiku na mchana, nikikagua kama maua yamekaa sawa migongoni mwa shangazi zangu. Yalikaa sawa. Watu walinisifu na nikafurahi, na mpaka leo nikikumbuka furaha ile naona aibu.

Mvua ziliponyesha mwishoni mwa mwaka, mama alilima shamba la alizeti kwa jembe la mkono. Alikuwa na miaka sabini na nne. Hakutuambia. Niliambiwa na mteja mmoja wa kule kwetu aliyekuja kuchukua gauni lake, akalisema kama jambo la kawaida huku anajitazama kwenye kioo. Kesho yake nilifunga duka nikaenda. Nilimkuta katikati ya shamba, kanga kiunoni, ameegemea mpini.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Umekuja na jembe lako?"

Nililima naye siku mbili. Nilirudi mjini na malengelenge yaliyonizuia kushika mkasi wiki nzima, na bado eneo tulilomaliza lilikuwa dogo kuliko uwanja wa kanisa.

Ilimchukua miaka mitano kupata maksai wengine. Aliuza kuku kwa wachuuzi wanaowapeleka Dar, akanunua ndama, akasubiri, akanunua mwingine. Aliwafundisha mwenyewe, akitembea nao asubuhi na nira shingoni bila plau, mpaka wakaelewana. Mmoja ni mwekundu, mwingine ana mabaka. Wanalima shamba lake na mashamba ya majirani zake wawili, wajane kama yeye. Nimemsikia akiongea nao kwa Kinyiramba kwa sauti ya upole ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuonjeshwa.

Pale kijijini kuna chama cha kufa na kuzikana. Mwanachama akifa, kila mmoja analeta unga, kunde, kuni na maji, na chama kina sufuria mbili kubwa, turubai na sahani. Asiyefika anatozwa kuku. Tatizo ni kwamba vijana wameondoka, wengine wako mijini, wengine kwenye mashimo ya dhahabu, na chama kimebaki na wazee watupu. Katika orodha ya wachimba kaburi, mdogo kuliko wote ana miaka sitini na miwili, na wenzake wanamwita kijana wetu.

Mwaka juzi, baada ya mavuno, mama alinipigia simu akaniambia nije Jumapili na daftari. Nikakuta chama kizima kimekaa uani kwake. Mama akasimama. Alisema akifa hataki ng'ombe achinjwe. Watu wale chakula cha chama: ugali wa mtama, kunde, mlenda, na kuku sita kutoka bandani kwake. Siku moja, kisha kila mtu aende nyumbani kwake. Sare hataki, na hapo akanitazama mimi. Maksai wabaki zizini, waendelee kuwalimia wale wajane na wanawe watakaotaka kurudi kulima.

Baba mdogo akainuka, mkono kwenye fimbo.

"Shemeji, watu watatuonaje? Mke wa kaka yangu azikwe kwa kunde? Watasema tulikutupa."

"Waseme."

"Na hawatashiba. Watu wanatoka mbali. Wakilala njaa msibani kwako, ni sisi tutakaobaki na aibu, wewe utakuwa umepumzika. Na ukishalala kwenye sanduku huwezi kubishana na mtu."

Wazee kadhaa wakaguna kukubali. Nilimwona mama anafikiri. Mama yangu akifikiri huwa anakunja pembe ya kanga yake na kuikunjua, na mtu yeyote mwenye busara anatafuta pa kujificha.

"Basi tupike nikiwa macho," akasema. "Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Mje kama mnavyokuja msibani, na chama kilete kama kinavyoleta. Mkishiba, binti yangu ataandika kwenye daftari kwamba maksai wangu hawaguswi, na nyote mtaweka dole gumba. Msiposhiba, siku yangu ikifika mchinje mnavyotaka. Sitasema neno."

Wazee wakacheka, wakakubali. Mimi sikucheka. Nililitazama lile zizi nikawaza kwamba mama ameweka jasho lake la miaka mitano kwenye sufuria mbili za chama.

Nilimpigia kaka simu. Akauliza kama mama ana homa. Nikamwambia hana homa, ana hasira. Akasema hilo analielewa, atakuja.

Siku yenyewe upepo wa mwezi wa saba ulikuwa mkali, turubai linapiga makofi, na wanawake wa chama wamejifunga mashuka wakipuliza moto tangu alfajiri. Kaka alishuka kwenye bodaboda, akaona turubai, akaona wanaume wamekaa kwenye mabenchi na wanawake kwenye mikeka, akaangua kilio. Mtu mzima mwenye wajukuu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unalia nini na mimi nipo?"

"Sijui, mama. Nimeona turubai."

"Haya, ukimaliza kachanje kuni."

Habari zilikuwa zimeenea, na watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, hata kutoka vijiji vya ng'ambo ya korongo. Wengi hawakujua wasalimie vipi. Bibi mmoja alinishika mikono yote miwili akasema, "Pole, mwanangu. Na hongera." Mwinjilisti alikataa kabisa kumfanyia mtu hai ibada ya mazishi, akasema atatoa sala ya shukrani tu. Ilikuwa ndefu kuliko ibada ya mazishi. Mama alitakiwa kukaa ndani na wafiwa, lakini kila baada ya muda alichomoka kwenda kuonja chumvi.

Kisha nikaitwa kusoma wasifu wa marehemu. Nilikuwa nimeuandika vizuri, kwa mwandiko wangu wa kuandikia vipimo vya mabibi harusi.

"Marehemu alikuwa mpole na mwenye subira," nikasoma.

Uwanja mzima ukacheka. Mama akatoa kichwa mlangoni.

"Mpole nani? Futa hiyo. Andika alikuwa mkali, lakini kwake hukukosa chumvi ya kuazima."

Nikafuta palepale, nikaandika hivyo, na wanawake wakapiga vigelegele. Sijawahi kuandika sentensi ya kweli kuliko ile.

Chakula kikaanza kugawiwa, na hapo nikamwona baba mdogo. Alikuwa amekuja na kisu chake, kwenye ala ya ngozi, kiunoni, kama mtu asiye na shaka jinsi siku itakavyoisha. Nilimpakulia mwenyewe. Sahani ya kwanza aliila polepole akiichunguza. Ya pili aliisifia mlenda. Lakini nyuma yake watu walikuwa bado wamepanga mstari, na mwiko ukakwangua sufuria wakati watu kama thelathini hawajaonja kitu.

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amesimama, anakunja kanga. Aliyeokoa siku hakuwa yeye. Ni wale wanawake wa chama, ambao bila kuambizana waliondoka mmoja mmoja wakaelekea majumbani mwao, magongo yakigonga mawe, wakarudi na unga kwenye mabeseni, na mmoja akarudi na kuku watatu anawaburuta kwa miguu. Aliyeshika mwiko alikuwa na miaka themanini na alisonga ugali ule kama anapigana na mtu. Watu wote walikula. Waliokula wakaongeza. Kikabaki cha kuwapelekea wagonjwa wawili walioshindwa kufika, ambao kwa hiyo hawakutozwa kuku.

Katibu wa chama akauliza, kama inavyoulizwa msibani, nani ana neno. Baba mdogo akasimama. Alikuwa na sahani ya tatu mkononi, tupu.

"Nimeshiba," akasema.

Watu wakashangilia, na mimi nikafungua daftari. Yeye akainua mkono.

"Ngojeni. Msibani tunasema yale tuliyoshindwa kumwambia marehemu. Mimi nina langu, na heri niseme akiwa anasikia. Shemeji, yule ng'ombe wako wa pili nilimchinja mimi. Hakuna aliyenituma. Unga ulikuwepo, kunde zilikuwepo. Niliona wageni wa Dar na nguo zao nzuri, nikaona aibu. Halafu mvua ikanyesha nikakuona shambani na jembe la mkono. Nikapita njia ya nyuma ili usinione. Nimepita njia ya nyuma miaka yote hii."

Nguo zao nzuri nilizishona mimi, na nilitamani ardhi ya Iramba inimeze na cherehani yangu.

Mama akatoka mlangoni, akaja mpaka mbele yake. Wote tuliogopa, maana tunamjua.

"Marehemu amesikia," akasema. "Kaa chini, miguu itakuuma."

Hakukaa. Alifungua ala kiunoni akampa kile kisu kwa mikono miwili.

"Kikae kwako. Siku yako ikifika, asiwepo mtu wa kukishika."

Mama akakichomoa, akapima makali kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kukubali, akaenda nacho jikoni. Nililia wazi, sikujificha, na kaka akalia kwa mara ya pili siku hiyo, safari hii bila kuulizwa. Ilikuwa furaha tupu. Baada ya hapo wazee waliweka dole gumba kwenye daftari, mstari mrefu mpaka ukurasa wa pili, na nyimbo ziliimbwa mpaka ng'ombe waliporudi kutoka malishoni. Mwekundu na mwenye mabaka wakapita katikati ya waombolezaji kuelekea zizini, na watu wakawapisha kwa heshima kama wageni rasmi.

Tangu siku ile wazee wengine wanne wamefanyiwa mazoezi yao. Mmoja wao ameshatangulia kweli, na tulimzika kwa siku moja, na watoto wake wakarudi mjini bila kuuza kitu. Mimi nimepoteza wateja wa sare wa kijiji kizima. Sijui hasara nyingine iliyowahi kunifurahisha hivi.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha, maksai wako shambani kwa jirani, na mama amekaa kibarazani anakata boga kwa kile kisu. Boga la kwetu lina ganda gumu na kisu kililipasua kama mkate. Nikamwona baba mdogo anakuja, kwa njia ya mbele, ile inayopita kandokando ya shamba la alizeti. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama mbele ya kibaraza na kofia mkononi.

"Shemeji, naomba kisu mara moja."

Mama hakuinua macho. "Cha nini?"

"Kuna mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa harusi. Mjukuu wangu anaoa kesho."

Mama akakifuta kisu kwenye kanga, pande zote mbili, akamnyooshea mpini.

"Kirudi kabla jua halijazama," akasema. "Nina boga lingine."