Ushuru wa Wakaanga Samaki

Mkutano wa mtaa wetu hapa Bagamoyo uliitishwa alasiri, wakati mama yangu na wakaanga samaki wenzake wako mnadani ufukweni, na walioitisha walijua fika. Ikaulizwa nani alipie taa za barabarani. Mikono ikainuka ukumbi mzima: wakaanga samaki watozwe ushuru. Nilipopinga, mwenyekiti akaniambia nikae, wengi wameshaamua. Wengi gani, na watakaolipa hawapo? Nilitoka, nikaenda mnadani kumwambia mama.

Wiki iliyofuata mwenyekiti huyo huyo akaja kwa mama na sahani yake.

"Shikamoo mama. Mbona siku hizi vipande vidogo hivi?"

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, huku akigeuza samaki kwenye karai. "Kilichopungua ndicho mlichokipigia kura siku ile."