Nyumba ya Kihistoria Inavuja

Juma lililopita, katika ofisi moja mjini Iringa, nilipanga foleni nyuma ya bibi aliyekuja kuomba kibali cha kuezeka nyumba yake kwa bati. Ni nyumba ya vigae aliyoachiwa na marehemu mumewe. Imetangazwa kuwa jengo la kihistoria, na sasa inavuja hadi kitandani.

"Bati haliruhusiwi, mama," ofisa alimwambia kwa upole. "Lazima vigae vilevile vya zamani."

"Haya, vinauzwa wapi?"

"Havitengenezwi tena."

Bibi akajifunga kanga upya kiunoni. "Na nyumba ikianguka, mwanangu?"

"Ikianguka si urithi wa kihistoria tena. Hapo unajenga unavyotaka."

"Kwa hiyo niiombee ianguke?"

Ofisa akatazama dari. Dari yake ilikuwa kavu kabisa.

Nilitoka nimeelewa kwamba mji wetu unailinda nyumba isiguswe na mwenyewe, ila mvua haijakatazwa.

Jumamosi nikapita kwa bibi, nikamkuta fundi yuko juu anapigilia bati jipya. Nikauliza, wale wa ofisini je?

"Waje tu," bibi alisema, huku akimrushia fundi kamba. "Nitawaambia historia bado inaendelea."